Namba Tisa Walikuwa Wawili

Hapo zamani, na msinicheke, maana zamani yenyewe ni ya juzi tu, bando la wiki lilipokuwa likiisha Jumatano kama linavyoisha leo, palikuwa na kijiji kiitwacho Isyeto, huko Rungwe, kwenye milima ya viazi na chai. Isyeto ilikuwa na zahanati moja, nesi mmoja, kitanda kimoja, na watafiti wengi.

Watafiti walikuja kila mwaka. Mwaka wa kwanza walikuja kuchunguza kama wajawazito wakitumiwa ujumbe mfupi watahudhuria kliniki. Mwaka wa pili walikuja kuchunguza kama wajawazito wakipigiwa simu na sauti iliyorekodiwa watahudhuria kliniki. Mwaka wa tatu mtindo ukawa umebadilika huko walikotoka, wakaja kuchunguza kama wajawazito wakitiwa kwenye kundi la wasapu watahudhuria kliniki. Wajawazito wa Isyeto walikuwa wakihudhuria kliniki miaka yote hiyo, kwa miguu, na mvua ikiwanyea. Hilo hakuna aliyewauliza.

Aliyekuja mwaka wa tatu aliitwa Dokta Kaijunga. Alikuwa dokta wa vitabu, si dokta wa kutibu. Ukimwonyesha jipu alikuuliza una umri gani na umesoma mpaka darasa la ngapi. Lakini tumtendee haki: alikuwa mtu mwema. Alileta vipimo vya presha ishirini, vile vya kufunga mkononi, akawagawia wajawazito ishirini, kila mmoja na chake. Alileta na bando. Mradi wake aliuita Tunza Mama Kiganjani, na kwa kuwa mradi usio na kifupisho haupati mfadhili, akaufupisha: TUMAKI.

Kwenye kundi akawatia wale wajawazito ishirini, akamtia nesi Pendaeli wa zahanati, akajitia mwenyewe. Karatasi za mradi zilidai pia mwakilishi wa jamii, mwenye simu kubwa na asiye mjamzito. Mtu wa namna hiyo Isyeto nzima alikuwa mmoja: Bibi Subilaga, mjane asiye na mtoto, aliyetumiwa simu na mpwa wake wa mjini. Akatiwa na yeye. Laiti wangejua!

Bibi Subilaga alisalimia. Kila asubuhi alimsalimia kila mtu kwa jina lake, mmoja mmoja. "Umeamkaje Tulinagwe mwanangu?" na picha ya ua. "Umeamkaje Bupe mwanangu?" na picha ya kikombe cha chai kinachotoa moshi. Usipoitikia anarudia. Usipoitikia tena, anarudia na picha ya malaika. Nesi Pendaeli alimtoa kundini mara tatu, na mara tatu Dokta Kaijunga akamrudisha.

"Nesi, tafadhali," Dokta alimwambia. "Huyu bibi peke yake ni asilimia arobaini ya ushiriki wetu. Ukimtoa, grafu yangu inalala chali."

"Na mimi nikitafuta presha za wagonjwa, naambulia maua," akajibu Nesi. "Basi na iwe hivi. Mimi nitasoma orodha ya mwisho tu. Ya juu huko siangalii."

Orodha gani? Subirini, nawaeleza. Dokta alikuwa ametengeneza fomu ya kujaza presha kila Jumatatu, yenye linki na yenye rangi. Hakuna aliyeifungua. Akina mama walifanya walivyozoea kufanya kwenye makundi ya misiba. Wa kwanza anaandika jina lake na mchango wake. Wa pili anainakili orodha, anaongeza jina lake chini, anatuma. Wa tatu vivyo hivyo, mpaka wa mwisho. Sasa badala ya rambirambi wakaandika presha. Dokta alipoliona jambo hilo alifurahi mpaka akavua miwani, akaandika makala ndefu kuhusu ubunifu wa jamii.

Lakini wewe uliyewahi kuchangia msiba kwenye simu unaujua ugonjwa wa orodha hizo. Watu wawili wakinakili kwa wakati mmoja, orodha inachipua matawi mawili. Wanaofuata wananakili tawi la mwisho, na aliyebaki kwenye tawi la juu anaonekana hakutoa kitu. Kwenye msiba watu hununiana wiki mbili, yakaisha. Presha si rambirambi.

Na Isyeto ugonjwa huo ulizidi, kwa sababu mtandao ulifika asubuhi tu. Kijiji kiko bondeni na mnara uko ng'ambo ya mlima. Kuanzia alfajiri simu zinalia, na ukungu ukishuka, saa tatu hivi, mtandao unaondoka nao. Kwa hiyo wote walituma kwa pamoja, mbiombio, kama watu wanaoanua nguo mvua imeshaanza.

Sasa Tulinagwe. Alikuwa mke wa Ambakisye, mkulima wa viazi. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, nayo ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza hazikufika. Kwa hiyo msikieni vizuri ninaposema kwamba mimba hii aliibeba kwa hofu, na kwamba kile kipimo cha presha alikifunga mkononi asubuhi na jioni, hata siku ambazo hakuambiwa.

Jumatatu moja akakifunga. Kikasoma mia na sabini kwa mia na kumi na tano. Akakifungua, akakifunga tena. Kikasema vilevile. Orodha ilikuwa imefika namba nane. Akainakili, akaandika: 9. Tulinagwe, 170 kwa 115. Akatuma.

Dakika ileile wifi yake, Bupe, dada yake Ambakisye, naye mjamzito, naye alikuwa na orodha iliyoishia namba nane. Akaandika: 9. Bupe, 110 kwa 70. Akatuma. Ya Bupe ikaingia chini ya ya Tulinagwe. Namba kumi akanakili ya Bupe. Kumi na moja akanakili ya kumi. Ikaenda hivyo mpaka kumi na tisa, na jina la Tulinagwe halikuwemo.

Nesi Pendaeli akafungua simu, wagonjwa wengine wakimsubiri kwenye benchi. Akasoma orodha ya mwisho. Presha kumi na tisa, zote za watu wazima wa afya. Hakuhesabu kwamba mama ni ishirini. Akaandika: "Hongereni mama zangu. Leo presha zote ni nzuri. Mungu ni mwema."

Amina, wakajibu. Amina. Amina. Bibi Subilaga akaweka malaika.

Na Tulinagwe? Alisoma. Kichwa kilikuwa kinamgonga na miguu imevimba, na pale kwenye simu nesi mwenyewe aliyesomea kazi yake anasema zote ni nzuri. "Basi na yangu ni nzuri," alisema moyoni. "Mashine yangu ndiyo haijui." Akaenda shambani.

Jumanne asubuhi, Ambakisye akiwa safarini Uyole na magunia yake ya viazi, Bibi Subilaga akasalimia. "Umeamkaje Tulinagwe mwanangu?" Kimya. Akarudia. Kimya. Akarudia na malaika, na hapo akaona tiki mbili za bluu. Yaani amesoma. Amesoma, akanyamaza!

Jamani, Bibi Subilaga aliwahi kufiwa, aliwahi kuibiwa mbuzi, aliwahi kupigwa na radi ikamkosa kidogo. Lakini kusomwa na kunyamaziwa hakuwahi. Akajifunga khanga, akachukua fimbo yake, akateremka mpaka kwa Tulinagwe kugombana.

"Tulinagwe!" alianza tangu uani. "Mimi wa kunyamaziwa? Salamu yangu inanuka? Mama yako alikufundisha hivyo?"

Akasukuma mlango. Tulinagwe alikuwa amekaa karibu na meko, uso umevimba, simu imemwangukia mapajani.

"Bibi," akasema, "naona vimulimuli. Nakuona uko wawili."

Hapo hapo macho yakageuka, mwili ukakakamaa, akaanza kuanguka upande wa moto. Bibi Subilaga akatupa fimbo. Akamdaka, akamvuta mbali na meko, akamlaza kwa ubavu, akamshika kichwa kisigonge sakafu, na akapiga yowe ambalo hata ng'ambo ya mto walilisikia.

Dakika hizo hizo Bupe alikuwa nyumbani kwake na simu mkononi. Alikuwa akipanda juu kundini kutafuta ujumbe wake wa jana, maana kila mtu hupenda kulitazama jina lake. Akaona namba tisa, Bupe. Juu yake akaona namba tisa nyingine. Akaisoma ile namba. Akaisoma tena. Akaelewa.

Kile kitufe cha kufuta kwa wote alikuwa anakijua. Angefuta orodha yake, akanyamaza, na mpaka leo tusingejua. Badala yake akaandika mbele ya kundi zima: "Nesi, tazama juu, orodha ya jana. Wifi yangu ana 170 kwa 115. Nimemwangusha mimi. Naomba uende sasa hivi." Akatuma, na nyuma yake ukungu ukashuka.

Ujumbe ule uliingia kwenye simu ya Nesi Pendaeli ukiwa wa mwisho kabla mtandao haujakatika. Nesi hakuandika "nimepokea." Alifungua kopo la majani ya chai alimoficha sindano mbili za kifafa cha mimba. Alikuwa ameziomba zahanati ya jirani miezi mitatu kabla, kwa kupiga magoti, kwa sababu za kwake ziliisha na zilizoagizwa zilikuwa bado njiani. Akavaa mabuti ya mpira, akakimbia. Ni mwendo wa saa nzima kwa mtu wa kawaida. Yeye alitumia nusu. Akafika, akapiga magoti kwenye udongo, akachoma. Mwili wa Tulinagwe ukalegea, pumzi ikarudi.

"Hii imemtuliza tu," Nesi akamwambia Bibi Subilaga. "Bila hospitali ya wilaya tutawapoteza wote wawili."

Na gari? Isyeto haikuwa na gari la wagonjwa. TUMAKI ilikuwa na fungu la bando, ila fungu la machela haikuwa nalo. Lakini siku hiyo, kwa bahati, Dokta Kaijunga alikuwa amefika na gari la mradi kuwauliza akina mama kama wanaridhika na kundi kwa kiwango cha moja hadi tano. Mlangoni gari liliandikwa: HAIRUHUSIWI KUBEBA ABIRIA. Ndani, kiti cha nyuma chote kilijaa madodoso mia tatu yaliyokwishajazwa vijiji vingine, kazi ya miezi minne.

Dokta akatoa simu aombe ruhusa kwa wakubwa wake. Hakuna mtandao. Akaizungusha juu, akaizungusha pembeni. Hakuna. Akamtazama yule mama aliyebebwa na majirani juu ya mlango wa nyumba uliong'olewa bawaba. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utafiti, mtu yule aliamua jambo bila kumwuliza mtu. Alizimwaga zile karatasi zote njiani, mvua ikizinyea, akamlaza Tulinagwe kwenye kiti, akaendesha mwenyewe.

Hospitalini wakampasua mchana ule. Mtoto wa kike, kilo mbili na robo. Alilia kwa sauti kubwa kuliko ukubwa wake. Mama akafumbua macho siku ya pili, akaomba uji.

Katika ripoti ya mwezi ule iliandikwa: "Tukio moja, limeshughulikiwa. Ushiriki kundini umepanda maradufu." Na kweli ulipanda. Pole zilikuwa mia mbili na kumi na nne.

Hadithi ingeishia hapo kama isingekuwa jina. Kwetu mtoto akipewa jina lako, wewe ni somo wake. Utamnunulia mbeleko, utamwita mwenzangu, na siku ukifa, jina lako litaendelea kuitwa kwenye ua wa watu walio hai. Ambakisye aliyajua hayo. Alipomtoa mtoto nje, majirani wakiwa wamejaa na kuku yuko jikoni, alisema jambo la kumponza mtu: "Jina nitampa yule aliyemwokoa mke wangu." Akashika kadi ya kliniki na kalamu. Wakasimama watu wanne.

Bibi Subilaga akawa wa kwanza.

"Nisingekuwa mimi, angeanguka motoni. Kabla nesi hajavaa hayo mabuti, mikono yangu ilikuwa imeshamdaka. Na mnisamehe, nitalisema wazi: mimi sikuzaa. Hakuna mtu duniani anayeitwa Subilaga kwa ajili yangu. Nikifa nakwenda nalo."

"Bibi, si ulikwenda kugombana?" mtu akauliza.

"Nilikwenda kugombana. Ninyi wenye mapenzi mlikuwa wapi?"

Nesi Pendaeli akasema: "Nisingekuwa mimi, mngekuwa mnazungumza habari hii kwenye matanga. Kudaka si kutibu. Dawa ilitoka kwangu, na mbio zilikuwa zangu. Nimezalisha watoto mia tatu na kumi na wawili kijiji hiki. Nimehesabu. Wameitwa majina ya mawaziri, ya wachezaji mpira, mmoja ameitwa jina la pikipiki. Hakuna Pendaeli hata mmoja. Sijawahi kudai. Leo nadai."

Dokta Kaijunga akakohoa. "Nisingekuwa mimi, hata namba ile isingejulikana. Vipimo ni vyangu, kundi ni langu, gari ni langu. Na kwa sababu ya gari hilo, mama, nimeandikiwa barua tatu za kujieleza, na karatasi zangu mia tatu zimegeuka uji. Kazi yangu imesimama. Silalamiki. Jina langu mimi si la mtoto wa kike, lakini mradi ungefurahi sana kama angeitwa Tumaki. Ni jina zuri. Tungempiga na picha moja tu."

Watu wakacheka, isipokuwa Nesi.

Bupe alikuwa wa mwisho, na tumbo lake mbele yake. Tangu siku ile hakuwa amekula na mtu. Kisimani walikuwa wakisema kwa sauti ya kusikika: wifi amemfuta wifi. Mnawajua mawifi na mnayajua maneno ya watu, basi sina haja ya kueleza.

"Nisingekuwa mimi," akasema, "nesi asingekuja. Bibi angepiga yowe mpaka jioni, na gari lingekaa barabarani likiuliza maswali. Niliweza kufuta. Sikufuta. Nimejianika mwenyewe mbele ya kundi ili mtu apone, na tangu hapo naitwa muuaji. Kaka, mtoto akiitwa Bupe, watu watanyamaza. Asipoitwa Bupe, hata wewe utakuwa umesema wanachosema wao."

Ambakisye akaitazama kalamu. Ndipo Tulinagwe, aliyekuwa akinyonyesha muda wote huo, akainua uso.

"Nimewasikia nyote," akasema. "Kila mmoja ameniambia alivyoniokoa, na ni kweli, nyote mmeniokoa, nawashukuru mpaka nakosa maneno. Lakini nimesikiliza sana, na hakuna aliyeniambia kwa nini nilihitaji kuokolewa. Bibi, maua yako ndiyo yaliyomchosha nesi asitazame juu. Dokta, nesi alipomtoa Bibi, wewe ulimrudisha kwa ajili ya grafu. Wifi, jina langu lilikuwa juu ya lako na hukuliona. Na wewe, Nesi, uliniambia zote ni nzuri. Kichwa changu kilikuwa kinapasuka, nami nikakuamini wewe kuliko kichwa changu. Nilikuwa nimeshawazika wawili. Huyu nilimbeba kwa kuhesabu pumzi, na nikaenda kupalilia viazi kwa sababu simu imesema Mungu ni mwema."

Ambakisye akaishusha kalamu. Dokta akalifunga daftari lake.

"Sasa mimi nina sharti moja," akaendelea. "Mtoto atakua, atauliza: somo wangu alifanya nini? Nitamweleza yote. Alivyoniokoa, na alivyokaribia kuniua. Yote mawili, kwa jina, bila kufuta. Asiyetaka hivyo akae chini sasa."

Nesi Pendaeli alilia, na hakujificha. Bupe alikuwa ameinamia tumbo lake. Dokta alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Bibi Subilaga alitazama chini, akichora udongo kwa fimbo yake.

Kisha Bibi akasema, "Mwambie. Nakubali."

"Mwambie na yangu," akasema Nesi.

"Na yangu," akasema Bupe.

Dokta Kaijunga akasema, "Picha iacheni. Kama ni hivyo, aitwe Kaijunga, jina la marehemu baba yangu. Na yangu mwambie."

Wanne walisimama, wanne wamebaki wamesimama. Kalamu iko mkononi mwa Ambakisye, kadi ina mstari mmoja mtupu, mtoto ameshaanza kulia, na kuku anaungua jikoni kwa sababu hata mpishi amekuja kusikiliza.

Haya, ninyi mlionikalia hapa mkinitolea macho. Aliyekwenda kwa hasira akadaka. Aliyepuuza akakimbia. Aliyependa grafu akaitupa kazi yake mvuani. Aliyeangusha jina akajianika mwenyewe. Msinijibu kwa kidole gumba, wala Amina siitaki. Nataka jina, na nataka sababu, maana baba wa mtoto anasubiri aandike.

Je, nani alistahili?